Kabati la mnunuzi na kalamu ya mwenye oda

Kila tarehe 24 Aprili inapokaribia, kumbukumbu ya siku lilipoanguka jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza nchini Bangladesh, mjadala wa maadili ya mitindo huamka, na karibu kila mara huanzia kabatini. Unazo nguo ngapi? Ile ya mwisho uliihitaji kweli? Unajua nani aliishona? Ni maswali ya haki, nami hujiuliza pia. Ila naanza kushuku kwamba yanapendwa kwa sababu yanamwacha kwa amani mtu mmoja katika mnyororo mzima, yaani yule anayeketi na kalamu na kusaini oda.

Wanaosema tununue kidogo wana hoja nzito, na haifai kuipita kwa kejeli. Ripoti ya shirika la Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017 ilieleza kuwa uzalishaji wa nguo ulikaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka 15, huku kila nguo ikivaliwa mara chache zaidi kabla ya kutupwa. Chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo hurudi kuwa nguo mpya. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani ni poliesta, mtoto wa mafuta ya petroli. Burberry, kampuni ya mitindo ya Uingereza, ilikiri kuteketeza bidhaa zake zenye thamani ya pauni milioni 28.6 katika mwaka mmoja wa hesabu, kisha mwaka 2018 ikatangaza kuacha desturi hiyo. Kwa upande wa taka, basi, sina ubishi. (Laiti tu wangeliacha lile dai kwamba mitindo ni sekta ya pili kwa uchafuzi baada ya mafuta. Limerudiwa hadi limezoeleka, na aliyetafuta chanzo chake hakukipata.)

Shida inaanza pale dawa ya taka inapopewa pia kazi ya kutibu dhuluma. Mtu anaambiwa: usinunue, na mshonaji atapona.

Tumekwisha kuona dunia ikiacha kununua nguo kwa ghafla. Ilikuwa mwaka 2020, maduka yalipofungwa. Nchini Bangladesh, ambako watu takriban milioni 4, wengi wao wanawake, huishi kwa cherehani za viwandani, oda za takriban dola bilioni 3 zilifutwa au kusimamishwa. Baadhi zilikuwa za nguo zilizokwisha kushonwa na kukunjwa. Kiwanda kilikuwa kimenunua kitambaa kwa mkopo, maana desturi ya biashara hii ni chapa, yaani kampuni ambayo jina lake limo kwenye nguo, kulipa wiki au miezi baada ya mzigo kuondoka. Chapa iliposema basi, hasara ikateremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtu asiyekuwa na wa kumteremshia. Kilichorudisha sehemu ya fedha hizo ni kampeni iliyozitaja kampuni kwa majina na kuzidai zilipe zilichoagiza. Kampeni hiyo haikumwuliza yeyote ana suruali ngapi.

Na bei? Hapa kuna takwimu moja ninayoirudia kila mara, na ninaomba msomaji anivumilie. Mwaka 2017 Oxfam nchini Australia ilitoa hesabu iliyofanywa na kampuni ya ushauri ya Deloitte: katika bei ya nguo inayouzwa nchini humo, ujira wa waliofanya kazi kiwandani ni wastani wa asilimia 4. Wakapiga hesabu ya pili: kama ujira huo ungepandishwa hadi kumtosha mtu kula, kupanga chumba na kusomesha mtoto, na gharama yote ikabebeshwa mnunuzi, bei ingepanda kwa wastani wa asilimia 1 tu.

Asilimia moja. Shati la dola 20 lingeuzwa dola 20 na senti 20. Mnunuzi hata asingegundua. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba ujira mdogo ndiyo bei ya lazima ya nguo rahisi hawajaitazama hesabu, na wale wanaotuambia tununue nguo ghali ili dhamiri itulie hawajaitazama pia. Nguo ghali na nguo rahisi huweza kutoka kwenye kiwanda kimoja, mikononi mwa mshonaji yuleyule kwa mshahara uleule. Tofauti inaliwa njiani, na kila anayepokea mzigo huweka faida yake kama asilimia ya alicholipa. Senti chache zikiongezwa mwanzoni, wa pili anazizidisha, wa tatu anazizidisha tena, kisha mwisho tunaambiwa kwamba mshahara ndio uliopandisha bei.

Kwa nini basi asilimia hiyo hailipwi? Kwa sababu chapa huomba bei kwa viwanda vingi katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, halafu humpa kazi aliyeshuka zaidi. Baadaye hubadilisha rangi au idadi, tarehe ya kusafirisha ikibaki palepale. Saa za ziada za usiku huzaliwa hapo. Wenye viwanda nao si malaika: walionusurika moto wa kiwanda cha nguo cha Tazreen, Bangladesh, mwaka 2012 walisimulia kuzuiwa kutoka king'ora kilipokwisha kulia. Lakini mwenye kiwanda anayetaka kulipa vizuri huipoteza oda kabla hajaanza.

Jengo la Rana Plaza lilipasuka nyufa siku moja kabla ya kuanguka. Tawi la benki lililokuwa ndani yake liliwazuia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji waliamriwa kupanda juu asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2013, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Baadhi ya viwanda vya mle ndani vilikuwa vimepita ukaguzi wa aina ile ambayo chapa hupenda kuionyesha kwa wateja.

Mwezi uliofuata ukasainiwa mkataba kati ya vyama vya wafanyakazi na chapa, ambazo baadaye zilizidi 200. Upya wake ulikuwa mmoja: uliwabana kisheria. Chapa ilipaswa kuhakikisha kiwanda kinamudu gharama ya matengenezo, na ikikaidi ingeweza kushtakiwa mbele ya wasuluhishi. Haikuwa tishio tupu. Mwaka 2018 kampuni moja ya kimataifa, ambayo jina lake halikutangazwa, ilikubali kulipa dola milioni 2.3 kumaliza shauri la aina hiyo.

Wapinzani walikuwa na hofu ya kweli: bana sana, na oda zitahamia nchi nyingine. Viwanda vidogo vilivyoshindwa matengenezo viliumia kweli, na aliyepoteza kazi humo hafarijiki kwa wastani wa taifa. Hata hivyo mauzo ya nguo za Bangladesh nje ya nchi yalipanda kutoka takriban dola bilioni 21 mwaka wa fedha wa 2012/13 hadi zaidi ya bilioni 30 miaka mitano baadaye. Mlango wa dharura haukumfukuza mnunuzi.

Hata hivyo, mkataba ule ulihusu moto, umeme na nguzo za majengo. Bei ambayo chapa hulipa kwa shati haukuigusa. Ndiyo maana mwishoni mwa 2023 washonaji walirudi barabarani, wengine wakidai kima cha chini cha mshahara cha taka (sarafu ya Bangladesh) 23,000 kwa mwezi. Waandamanaji kadhaa waliuawa. Serikali ilitangaza 12,500, kutoka 8,000, na chapa zikatoa taarifa za kuunga mkono nyongeza. Kwa mwenye kiwanda swali lilikuwa moja, naye aliliuliza waziwazi: oda ijayo itakuja na bei gani?