Barabara Ichorwe Kabla Shamba Halijakatwa

Yeyote aliyenunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam anajua kwamba kipimo cha kwanza ni miguu. Dalali huhesabu hatua 20 kwa 20 katikati ya mikorosho, na ubishi wa mwanzo huwa ni miguu ya nani itumike, maana mnunuzi humtaka mtu mrefu na muuzaji humtaka mfupi. Nami nilinunua hivyo hivyo. Mashahidi walitia saini, mwenyekiti akagonga muhuri, na kwenye hati ya mauziano mpaka wa kusini ukaandikwa "njia", bila kutajwa upana wake. Leo majirani wawili wamejenga kuta, na gari la majitaka likija husimama mbali, mpira wake ukaungwa vipande na kupitishwa juu ya ukuta wa mtu kwa hisani yake.

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ilhali Mkoa wa Pwani unaoizunguka ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani karibu mara mbili. Kwa maoni yangu, makazi ya mji sasa yanaamuliwa zaidi kwenye mashamba ya Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo kuliko Kariakoo au Kinondoni.

Huko mashambani kuna kipindi kisicho na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, lakini kijiji kikigeuzwa mtaa, kazi ya kupanga huhamia ngazi ya juu chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, na ofisi ya mtaa hubaki na muhuri tu. Wanakijiji huzisikia habari za mabadiliko hayo mapema, madalali mapema zaidi, na mashamba huuzwa kwa kasi kabla mchoro wowote haujafika. Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, unakuja baadaye, wakati mpangaji anapolazimika kutafuta barabara katikati ya vyoo na majiko ya watu. Siupingi, kwa kuwa umewapatia wengi hati, ila hauwezi kurudisha nafasi ambayo imekwisha kujengwa.

Wapo wanaomlaumu mkulima kwa tamaa. Hesabu yake ni hii: ekari, kwa kipimo cha mtaani cha hatua 70 kwa 70, hutoa kwenye karatasi viwanja 12 vya 20 kwa 20. Akikata katikati barabara ya hatua 10, hubaki na viwanja 10 vya hatua 14 kwa 30, vyote vikitazama barabara. Anapoteza viwanja viwili, na naamini bei ya vile vinavyofikiwa na gari ingeweza kufidia hasara hiyo.

Nilimweleza hivyo mzee mmoja jirani yangu, mwenye ekari tatu. Akacheka. "Mwanangu, nikikata mimi na wa mbele asikate, si nitakuwa nimewatengenezea watoto uwanja wa mpira?"

Hoja yake ni nzito kuliko yangu, kwa sababu mkulima mmoja hawezi kupanga barabara ya kijiji kizima. Ndiyo maana nadhani tumekosea kusubiri mpango kabambe (ramani kuu ya matumizi ya ardhi ya mji) uliokamilika, au fedha za kupima kila kiwanja, ndipo tuanze. Mpimaji wa halmashauri ya wilaya angeweza kuja kijiji kikiwa bado kijiji, akaonyesha mbele ya mkutano mkuu barabara kuu chache, mikondo ya maji na eneo la shule, akasimika bikoni (alama za mipaka), kisha ikawa marufuku kugonga muhuri kwenye mauziano yoyote yanayozigusa. Viwanja vyenyewe watu wakate wapendavyo, hata kwa miguu.

Mzee ameshauza ekari moja. Mbili bado zina mikorosho.