Frank Loesser: Mtunzi wa Vibao Aliyeusogelea Mlango wa Opera

Wapenzi wa Frank Loesser, mtunzi wa nyimbo wa Marekani, wamegawanyika juu ya The Most Happy Fella, onyesho la muziki lililo karibu na opera alilolileta Broadway, kitovu cha maigizo New York, mwaka 1956. Wengine huliita kilele cha kazi yake. Wengine husema fundi wa vibao alivaa joho lisilo lake, la opera.

Hoja ya hawa wa pili ina uzito. Baba yake alifundisha piano New York, na Arthur, kaka yake wa baba mmoja, akawa mpiga piano wa muziki wa klasiki. Frank alifuata njia ya nyimbo za kuuza: miaka ya 1930 alikuwa Hollywood akitunga maneno juu ya muziki wa watu wengine. Huko ndiko alikojifunza kubana maneno na kusikiliza watu wanavyosema mitaani. Matunda yake yamo katika Guys and Dolls, onyesho lake la 1950 lililochezwa mara 1,200. Humo Adelaide, mhusika aliyekaa uchumba miaka 14, anasoma kitabu cha tiba na kung'amua kwamba mafua yake yasiyopona yanatokana na kutoolewa. Unacheka, lakini unamhurumia. Mwenye kipaji hicho alitafuta nini kwenye opera?

Nadhani alitafuta nafasi. Katika The Most Happy Fella aliandika mwenyewe muziki, maneno na mazungumzo, akitumia kisa cha tamthilia ya Sidney Howard. Tony, mkulima wa zabibu mwenye umri mkubwa, Mwitaliano wa Napa huko California, anampenda mhudumu wa mgahawa San Francisco na kumwachia pini ya tai yenye kito pamoja na barua. Mhudumu huyo anaisoma akiwa amechoka, na wimbo unamtoka polepole: kumbe yupo mtu anayemhitaji. Hapo hakuna mzaha wa kujificha nyuma yake. Tony mwenyewe aliimbwa na Robert Weede, mwimbaji wa opera, na muziki ni mwingi kiasi kwamba kampuni ya santuri ya Columbia ilirekodi onyesho zima katika santuri tatu.

Lawama kubwa ni mchanganyiko: baada ya uimbaji mzito, vijana wa shambani wanaimba Standing on the Corner, kibao cha kutazama wasichana wakipita. Wimbo huo nakubali ungeondolewa bila hadithi kutetereka. Lakini Big D, ambamo watu wawili kutoka Dallas wanatambuana kwa fahari ya kwao, unajenga wahusika vilevile kama wimbo wowote wa huzuni. Tena bahati haikuwa upande wake: My Fair Lady, onyesho la muziki la watunzi wengine lililovuma sana, ilikuwa imefunguliwa wiki chache tu kabla. Yake ilifikia maonyesho 676, na kwa kazi ya aina hiyo si haba.

Wapinzani huongeza kwamba Greenwillow, kazi yake nyingine ya upole, ilifungwa upesi mwaka 1960, ilhali How to Succeed in Business Without Really Trying, vichekesho vya ofisini vya 1961, ilichezwa mara 1,417 na kupata tuzo ya Pulitzer. Ni kweli, na ufundi wake naustahi. Ila mauzo na tuzo vinaeleza kilichopokelewa vizuri mwaka ule. Havithibitishi kwamba Loesser alikosea kujaribu. Alifariki 1969 akiwa na miaka 59, bila onyesho lingine jipya kufika Broadway, na kazi yake ninayoitamani zaidi ni ile ambayo ingefuata njia ya Tony, yenye vibao vichache na ujasiri uleule.