Jaji Priest na kura za waliokuja na kamba

Mwaka 1953 mwongozaji wa Marekani John Ford alitoa The Sun Shines Bright, filamu ambayo baadaye aliitaja miongoni mwa anazozipenda zaidi katika kazi zake zote. Mhusika wake mkuu ni William Priest, jaji mzee wa mji mdogo katika jimbo la Kentucky, askari wa zamani wa jeshi la Kusini, lililopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpenzi wa wiski anayodai ni dawa ya kuushtua moyo. Anatetea kiti chake dhidi ya mwendesha mashtaka Horace Maydew. Kule jaji huomba kura kama diwani, na utamu wote wa filamu unatoka hapo.

Kijana mweusi, U.S. Grant Woodford, anatuhumiwa kumbaka msichana wa kizungu. Umati unafika jela ukiwa na kamba. Priest anawazuia mlangoni: atakayesogea atakula risasi. Wale anaowatisha ndio wapigakura wake. Baadaye inajulikana kwamba mbakaji alikuwa kinara wa umati huohuo, na siku ya uchaguzi wanaume wale wanaingia mjini na bango linalosema jaji aliwaokoa na nafsi zao. Kura zinafungana. Priest anakumbuka hajapiga yake, anajipigia, anashinda kwa kura moja.

Wanaoitetea filamu hii hawakosi hoja. Ford alikwisha kumleta Priest kwenye skrini mwaka 1934, Will Rogers akiwa jaji, na tukio la kumnusuru mtu mweusi asinyongwe likakatwa na studio. Alipopata nafasi, miaka 19 baadaye, alilirudisha na kuliweka katikati ya hadithi.

Halafu kuna yale mazishi. Mwanamke aliyeishi kwa ukahaba amerudi mjini kufa, na Priest, siku hiyohiyo ya kura, anatembea peke yake nyuma ya gari la maiti. Watu wanamcheka kando ya barabara. Mmoja anajiunga, kisha mwingine, makahaba wamo ndani ya gari lao la farasi. Hakuna muziki, zinasikika kwato na viatu tu. Msafara unaishia kwenye kanisa la watu weusi, na jaji anahubiri juu ya yule mwanamke aliyefumaniwa, wa Injili ya Yohana. Mgombea gani mwenye akili timamu angefanya hivyo kabla masanduku hayajafungwa? Sijaona filamu nyingi za siasa zenye dakika nzito kama hizo.

Lakini wanaoikosoa nao wanaona kilicho wazi. Jeff, mtumishi wa jaji, anachezwa na mwigizaji mweusi Stepin Fetchit, kwa uvivu na kumung'unya maneno kulekule kwa filamu ya mwaka 1934, ilhali mwaka mmoja tu baadaye, 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ingeharamisha ubaguzi katika shule za umma. Woodford tunamjua zaidi kwa banjo yake kuliko kwa maneno yake. Mwishoni watu weusi wanakuja kumwimbia mzee nyumbani kwake, kumshukuru. Usalama wao umetegemea huruma ya mtu mmoja mwenye bastola; akifa yeye, nani atasimama pale mlangoni?

Kuna wanaosema Ford alilijua hilo, ndiyo maana ushindi wenyewe una huzuni. Nakubali nusu. Huzuni ipo, ila ni ya uzee wa jaji, si ya hali ya Woodford.

Kinachonikera zaidi ni lile bango. Waliookolewa, kwa maandishi yake, ni wanaume waliokuja na kamba. Kijana aliyekaribia kunyongwa hatajwi. Na shukrani yao imewezekana kwa sababu Woodford hakuwa na hatia. Angekuwa nayo, wajibu wa jaji usingebadilika hata chembe: mtuhumiwa afike mahakamani akiwa hai. Je, wangempigia kura? Ford hakuthubutu kumjaribu mzee wake kiasi hicho.