Kabla ya kutaja jina, tazama mkataba

Kila Februari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, inapokaribia, mashabiki tunaanza kupanga majina: huyu aende kule, yule aje huku. Tunasahau kwamba timu za NBA hazinunuani wachezaji kwa ada ya uhamisho kama kwenye soka. Zinabadilishana, na kwa timu iliyokwisha kuvuka ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho ligi hukiweka kwa jumla ya mishahara ya timu, inabidi mishahara inayotoka na inayoingia ikaribiane. Mchezaji anahama na mkataba wake mgongoni, na mara nyingi mkataba ndio unaopanga bei yake.

Mfuatilieni Chris Paul. Mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka 34, na mkataba wake ulikuwa umebakiza misimu 3 yenye thamani ya dola milioni 124 hivi. Wengi walisema hauhamishiki. Houston walipompeleka Oklahoma City ili wampate Russell Westbrook, waliongeza machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya drafti (zamu za kuchagua wachezaji wapya wanaoingia kwenye ligi) na haki za kubadilishana machaguo mengine. Yaani walilipa ili achukuliwe mchezaji ambaye hakika ataingia kwenye orodha ya magwiji!

Msimu mmoja baadaye mambo yaligeuka. Paul aliifikisha Oklahoma City kwenye mtoano, wakawasukuma Houston hao hao hadi mchezo wa 7, ule wa kuamua. Novemba 2020 Phoenix ndio waliotoa chaguo la raundi ya kwanza ili wampate, na mwaka 2021 wakacheza fainali. Mkataba ulikuwa ule ule, ila miaka iliyobaki ilikuwa imepungua na mwili wake ulikuwa umejibu maswali. Ndiyo maana mimi huanza kuhesabu miaka kabla ya kutazama dola. Mshahara mkubwa wa msimu mmoja unavumilika, lakini wa misimu minne kwa mchezaji anayeshuka kiwango unaifunga timu mikono.

Kinyume chake ni Stephen Curry. Mwaka 2012, kwa sababu ya vifundo vya miguu vilivyokuwa vinamsumbua, alikubali dola milioni 44 kwa miaka 4. Ukomo wa mishahara ulipopanda ghafla mwaka 2016, timu yake, Golden State, walikuwa na mchezaji bora wa ligi kwa mshahara mdogo, wakapata nafasi ya kumsajili Kevin Durant. Mkataba wa aina hiyo una thamani kuliko jina lolote.

Turudi Phoenix. Mwaka 2023 walimtoa Paul wakamchukua Bradley Beal, aliyesaini na Washington mwaka mmoja kabla mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 251. Ndani yake kulikuwa na kipengele kinachompa haki ya kukataa kuhamishwa, na kipengele hicho kilihama naye. Beal ni mfungaji mzuri, sina ubishi. Lakini makubaliano mapya ya ligi ya mwaka huo huo yaliziwekea masharti makali timu zinazovuka kizingiti cha pili cha mishahara, kilicho juu zaidi ya ukomo: haziruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi ili kumpata mmoja. Phoenix walikuwa juu ya kizingiti hicho. Hata wangetaka kumtoa Beal, njia zilikuwa chache, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Julai 2025 Phoenix walivunja mkataba huo, naye Beal akaenda timu ya Clippers. Deni lililobaki likagawanywa kwa misimu 5, kiasi cha dola milioni 19 kila msimu.

Kinachoniuma ni jinsi mashabiki wanavyomwita Beal mzigo, kana kwamba aliiba. Alipewa karatasi, akasaini, kama ambavyo yeyote kati yetu angesaini. Lawama ni za ofisi iliyoweka kipengele kile, na za ofisi iliyokipokea ikijua sheria zinabadilika. Mameneja hulipwa ili waone miaka 4 mbele. Fedha za Beal zitaendelea kukaa kwenye hesabu za Phoenix hadi msimu wa 2029-30, na kila mchezaji watakayetaka kumsajili hadi wakati huo atapimwa kwa nafasi iliyobaki baada yake.