Damu ya Shuleni Inafutwa na Nani?

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi hapa Kisumu, muhula uliopita, hoja iliyokula muda kuliko hata pesa za chakula ilikuwa ya glavu. Mama anayefanya usafi alikuwa ameomba, kupitia kwa mwalimu mmoja, anunuliwe glavu na ndoo ya peke yake ya kufutia damu. Baba mmoja akainuka: "Mtoto wangu akitoka damu puani, ashikwe na glavu kwani ana nini?" Watu kimya. Kila mmoja alijua hiyo "nini" ni nini, na huku kwetu haihitaji kutajwa.

Swali la baba yule si la kupuuzwa. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini wakiishi na VVU. Kisumu ilikuwa 17.5, Homa Bay 19.6. Ni vigumu kupata ukoo huku ambao haujazika mtu. Na wazazi hawajasahau agizo la rais la Februari 2015, lililotaka takwimu za wanafunzi wenye VVU zikusanywe nchi nzima. Ilibidi kesi ipelekwe Mahakama Kuu, na ni Desemba 2016 ndipo jaji alipotamka kwamba agizo lile lilikiuka katiba. Mzazi aliyepitia hayo akimwona mwalimu anavaa glavu, anaona orodha nyingine, safari hii isiyoandikwa popote.

Wanaopinga wana hoja ya pili pia, kwamba hatari yenyewe ni ndogo. Ni kweli pia. Damu ikidondokea ngozi nzima, isiyo na kidonda wala mchubuko, haiambukizi. Hata muuguzi anayejichoma na sindano iliyotoka kwa mtu mwenye VVU, uwezekano wake wa kuambukizwa ni kama asilimia 0.3, yaani watatu kwa kila elfu. Mtoto mwenye VVU anayemeza ARV zake vizuri, yaani dawa za kupunguza makali ya virusi, anaushusha uwezekano huo zaidi. Halafu kuna pesa: serikali imeitengea shule ya msingi ya umma shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na fungu hilo huchelewa. Mwalimu mkuu anayeanza na chaki simlaumu.

Tatizo langu ni kwamba mjadala wote ulikuwa juu ya mtoto na ugonjwa mmoja, na aliyeomba glavu hakuwa mtoto.

Tazama kazi yake kwa karibu. Saa nne, baada ya mapumziko, anaingia vyoo vya wasichana. Tangu sheria ya 2017 iliyowapa wasichana wa shule za umma sodo za bure, kuna pipa la sodo, jambo zuri lililochelewa. Ila ndani ya pipa lile lile hutupwa nyembe: wanafunzi wetu huchongea penseli kwa wembe, nusu wembe ukivunjwa kwa wawili, na ukishakuwa butu unafungwa kwa karatasi na kutupwa. Mama anahamisha taka kwenye gunia. Gunia likikaribia kujaa, anazishindilia kwa kiganja ili zitoshe. Alinionyesha kidole cha shahada, kovu mbili, moja bado nyekundu. Nilipomuuliza alifanya nini baada ya kukatwa, alisema aliosha na kuendelea, kwa kuwa kengele ilikuwa imelia.

Hapo ndipo naona tunakosea hesabu. Tukisikia damu tunafikiria VVU, na tukijihakikishia kwamba VVU haviambukizi kirahisi hivyo, tunafunga faili. Kuna homa ya ini aina ya B. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Weka hiyo 30 kando ya ile 0.3 uone. Wembe si sindano, sawa, na hesabu yake si ile ile. Lakini virusi vya homa ya ini B hukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, ndani ya damu iliyokwisha kukauka, kwa hiyo doa la Ijumaa kwenye sakafu bado ni doa Jumatatu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 ugonjwa huu uliua watu milioni 1.1 duniani, wengi wao kwa ini kusinyaa au saratani ya ini, miaka mingi baada ya siku waliyoambukizwa. Nani atakumbuka wembe wa miaka ishirini iliyopita?

Nitaambiwa kwamba watoto wa leo wamechanjwa. Ndiyo, chanjo ya homa ya ini B imo katika ile ya pentavalenti, ya magonjwa matano kwa pamoja, ya watoto wachanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hii ndiyo hoja nzito zaidi dhidi yangu, inapunguza hatari. Haiimalizi, kwa sababu dozi hizo huanza wiki ya sita, na aliyeambukizwa na mamake siku ya kuzaliwa hakuwahiwa. Zaidi ya hapo, tazama nani hakuchanjwa. Mwanafunzi wa miaka kumi na miwili amekingwa. Mama wa miaka arobaini na tano anayefuta damu ya mwanafunzi huyo alizaliwa kabla ya chanjo kufika kliniki zetu, na mpaka leo hakuna aliyemwita.

Mwalimu ni mwajiriwa wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na ana bima ya matibabu ya kazi yake. Mama wa usafi, mpishi, matroni na mlinzi wa lango wameajiriwa na bodi ya shule. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haibagui: mwajiri anatakiwa kumpa anayeshika vitu vyenye madhara vifaa vya kujikinga, glavu zikiwemo. Bodi ni mwajiri.

Wamarekani walitunga kanuni yao ya vimelea vya damu kazini mwaka 1991. Mfanyakazi aliye hatarini hupewa chanjo ya homa ya ini B bila malipo ndani ya siku kumi za kazi tangu aanze kazi hiyo. Ina matundu yake, kwani katika majimbo kadhaa haiwafiki wafanyakazi wa shule za umma. Lakini wana ruhusa moja inayonivutia: yule ambaye huduma ya kwanza si kazi yake kuu, chanjo yake inaweza kungoja hadi tukio litokee, mradi aanzishiwe ndani ya saa 24. Kwa mwalimu wa darasa ningekubali mpango kama huo hata huku. Kwa mama wa pipa, tukio ni la kila siku.

Na baba yule? Glavu inatia aibu pale inapovaliwa kwa mtoto mmoja na kuvuliwa kwa mwingine. Ikivaliwa kwa kila damu, ya mtoto wa mchungaji na ya mwalimu mkuu mwenyewe, haimwambii mtu lolote. Shule isiyo na glavu ndiyo inayomlazimu mfanyakazi kukisia nani ni nani, akakisia kwa macho, kwa uvumi, kwa nani amekonda.

Bodi imekubali glavu. Imenunua pia Jik, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, na mtu amebandika karatasi stoo: sehemu moja kwa sita za maji, ikae dakika kumi kabla ya kupangusa. Chanjo wamesema itaangaliwa. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Mkataba wa mama ni wa muhula mmoja, miezi mitatu.