Nusu Kilo ya Mlenda

Siku moja ya Jumatatu katika mwezi wa Oktoba 2024, gari langu lilipoingizwa katika gereji moja huko Kizota likiwa limefungwa kamba nyuma ya pikapu ya jirani, mimi nilikuwa nimebeba siri yenye uzito wa nusu kilo, nami nilikuwa nimekwisha kuapa moyoni kwamba siri hiyo ingezikwa pamoja nami. Fundi alilizunguka gari mara moja, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukiinua juani. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaniuliza kwa upole, kama daktari anayemhoji mgonjwa ambaye ugonjwa wake tayari anaujua, "Mzee, lilianzaje?"

"Lilichemsha tu," nikajibu.

Neno hilo "tu" ndilo lililonigharimu majuma matatu, usingizi, na heshima yangu mbele ya mlinzi wa usiku.

Naomba nieleze kwanza yale ambayo fundi hakuelezwa. Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110, namba A, nililolinunua mwaka 2007 nikiwa Tanga, likanifuata Dodoma nilipohamishwa na wizara mwaka 2017. Injini yake ni 5A yenye cc 1,498, bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa haijafunguliwa hata mara moja, jambo ambalo nilikuwa nikilitangaza misibani na harusini bila kuulizwa na mtu. Jumamosi iliyotangulia nilikwenda peke yangu Manyoni kumjulia hali mama mkwe. Wakati wa kuagana alinikabidhi mfuko wa mlenda mkavu uliotwangwa, ule unaochumwa masika ukaanikwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, akasema, "Mkwe wangu, huu umfikishie mdogo wangu pale Chang'ombe, Dodoma. Usiuache juani."

Sikuuacha juani.

Nilikuwa nimeshuka mlima na kuipita Kintinku, saa saba mchana, jua la Oktoba likiwa limesimama juu ya paa la gari kana kwamba linangoja lifti, nilipoona mshale wa joto ukipanda na mvuke ukitoka mbele. Nikasimama kando, nikasubiri kama nusu saa ili injini ipoe, kwa kuwa mfuniko wa rejeta haufunguliwi ikiwa ya moto, na hilo nalijua vizuri. Rejeta ilikuwa imetoboka tundu dogo kama la sindano. Akiba yangu ya maji ilikuwa lita sita, na kila lita niliyoimimina niliiona ikirudi barabarani taratibu. Hapo nikakumbuka dereva mmoja wa malori aliyewahi kunieleza kwamba rejeta ikivuja safarini unaweza kutia ute wa yai, au bizari, au pilipili manga, ukafika mjini salama. Sikuwa na yai wala bizari. Nikageuka, nikauona mfuko wa mama mkwe umekaa kiti cha nyuma.

Wasomaji waliokulia kwenye mlenda watakuwa wamekwisha kushika vichwa. Mimi nilikulia kwenye samaki wa nazi, na nilichokijua kuhusu mlenda ni kwamba ukikutana na maji ya moto huwa mzito, huteleza na kuvutika, na kwamba tonge likishachovywa humo hulioni tena hadi likushuke kooni. Nikajiambia kwamba kitu chenye sifa hizo hakiwezi kushindwa na tundu la sindano. Busara ingekuwa kutia kijiko kimoja. Lakini mimi ni mhasibu, na mhasibu hapendi kubakiza salio dogo lisilo na kazi, nikautia wote.

Ukafanya kazi! Hilo lazima lisemwe kwa haki ya mlenda. Kabla dakika kumi hazijaisha tundu lilikuwa limeziba, halidondoshi hata tone, nami nikaipita Bahi nikipiga mluzi na kupanga namna ya kuwasimulia wenzangu ofisini. Baada ya Kigwe harufu ya mboga ikaanza kuingia kupitia matundu ya kiyoyozi, nikadhani tumepita karibu na nyumba wanakopika. Hapakuwa na nyumba. Nilipokaribia Nala mshale ulikuwa umelala kwenye alama nyekundu, moshi mweupe ukatoka nyuma, injini ikagonga mara tatu na kunyamaza.

Yaliyotokea ndani nilielezwa baadaye kwa urefu, tena mbele ya watu. Njia za maji katika rejeta ni nyembamba mno, na mlenda haukuchagua kuziba tundu peke yake. Uliziba kila kilichokuwa wazi. Maji yakaacha kuzunguka, injini ikapanda joto. Aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma, kwa hiyo hedi ikajipinda juu ya bloku, gasketi iliyo katikati ikaungua, na maji yakaingia kwenye oili. Hayo yote yangeweza kutambuliwa siku ya kwanza kama ningefungua mdomo.

Badala yake fundi aliufungua mfuniko wa rejeta, akachungulia, akakuta umajimaji wa kijani. Akanigeukia kwa heshima mpya. "Ndiyo maana injini hii imedumu, Mzee. Wewe unatia kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Wengine hapa wananiletea magari yamejaa maji ya bomba." Wale vijana wake wawili wakanitazama kama mfano wa kuigwa. Nikainamisha kichwa kwa kile walichodhani ni unyenyekevu.

Na hapo ndipo uongo wangu ulipoanza kuzaa. Fundi alifikiri kwa utaratibu unaostahili sifa: rejeta haivuji, kulanti ipo, feni inazunguka, mkanda ni mzima, na bado injini imechemka hadi ikafa, basi ugonjwa hauko nje, uko ndani, na kwa umri wa gari hili bloku itakuwa imepasuka. "Ikiwa ni gasketi na hedi, tunafungua, tunachonga hedi, tunabadili ringi na beringi, ovahoo nzima shilingi 1,400,000," akasema. "Lakini bloku ikiwa na ufa, utakuwa umezika pesa. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta injini nyingine."

Kikao cha ukoo kilifanyika nyumbani jioni ya siku iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa jedwali. Injini ya mtumba kutoka Japani, iliyokuwa imekwisha kupatikana Ilala kwa mdomo wa shemeji, shilingi 1,500,000, kuisafirisha 120,000, kuifunga 250,000, jumla 1,870,000, kwa gari ambalo hata likiwa zima nisingepata mtu wa kunipa zaidi ya 5,500,000. Shemeji alisema injini ya mtumba ndiyo mpango, kwa sababu fundi akishafungua injini ya zamani hubakiza nati mbili mkononi na hakuambii zilitoka wapi. Jirani yetu, dereva mstaafu wa serikali, alipinga. Alinikumbusha kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kwamba nikiibadili bila kwenda TRA kurekebisha kumbukumbu nitakuja kulia siku ya kuliuza. Tena hiyo ya mtumba, akauliza, nani alikuwa akiimwagia oili huko ilikotoka? Mke wangu alitaka tuliuze kama lilivyo tupande daladala. Mama mdogo wa Chang'ombe, ambaye hakuwa amealikwa, alisikiliza yote hayo kwa utulivu mkubwa, kisha akasema, "Sawa, baba. Na mlenda wangu je?"

Nikamwambia umo ndani ya gari. Huo haukuwa uongo.

Kura zikaangukia injini nyingine. Jumamosi nikapanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari zake kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwezi Julai mwaka huohuo, na kwa muda wa takribani saa nne nikatazama Kilosa na Morogoro zikipita bila mtu yeyote kuongeza maji popote. Huko Ilala muuzaji alinionyesha injini imefungwa nailoni, imeoshwa hadi inang'aa, akaniambia dhamana yake ni ya kuwaka: ikiwaka mbele yangu, mengine ni yangu. Jirani alikuwa amenielekeza nifungue mfuniko wa oili nitazame kama kuna utando mweupe chini yake, ambao ni dalili ya maji kuingia, kisha niizungushe injini kwa spana nisikie kama kuna mahali inakwama. Nilifanya yote mawili, na la tatu ambalo sikuelekezwa: niliingiza pua kwenye njia ya maji nikanusa kwa muda mrefu. Muuzaji akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia kila mtu ana vipimo vyake, nikatoa malipo ya awali ya shilingi 200,000.

Niliporudi Dodoma fundi alinipa habari njema iliyonivunja magoti. Ili kunipunguzia gharama, alikuwa ameamua kwamba rejeta ya zamani itarudishwa palepale kwenye injini mpya. "Nzima kabisa hii, Mzee, haivuji." Nikasema labda tubadilishe tu, kwa usalama. Akasema ni kutupa pesa. Nikasema nina pesa. Akanitazama, akalitazama gari, akaona ni mzaha.

Usiku ule sikulala. Kila nilipofumba macho niliiona injini ya 1,870,000 ikifungwa kwenye rejeta ileile, ikiwashwa, ikila mlenda uleule na kufa kifo kilekile, safari hii mbele ya mashahidi. Saa kumi na nusu alfajiri nikavaa koti, nikachukua mpira wa kumwagilia bustani pamoja na bisibisi, nikaenda Kizota kwa bodaboda. Nia yangu ilikuwa kuiosha rejeta na kuondoka kabla hapajapambazuka. Nikaruka ukuta, jambo nililolifanya mara ya mwisho nikiwa shule ya bweni, nikafungua klipu ya hosi ya chini, na nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari langu mwenyewe nikiivuta rejeta, tochi iliponimulika usoni.

"Tulia hapohapo, mwizi wa rejeta."

Nilimweleza mlinzi kwamba rejeta ni yangu. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Akakisoma taratibu, akasikitika kwamba hata watumishi wa umma siku hizi wamefikia huku. Akampigia fundi. Fundi akampigia mke wangu. Kulipokucha walikuwa wamenizunguka fundi, vijana wake, mke wangu, jirani aliyemleta kwa pikapu ileile, na mama lishe wa ng'ambo ya barabara aliyekuja kuona tu.

Sikupata nafasi ya kukiri. Hosi niliyokuwa nimeilegeza ilichomoka yenyewe, na kutoka ndani ya rejeta kikashuka kitu cha kijani, polepole, bila kukatika, kikaning'inia, kikafika chini kikiwa bado kimeshikana na kilikotoka. Watu wote wakanyamaza. Yule kijana mdogo wa fundi, Mgogo wa Mpunguzi, akachutama, akakigusa kwa kidole, akakinusa, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani:

"Fundi, hii siyo kulanti. Huu ni mlenda."

Mama lishe akainama naye akahakiki. Alithibitisha kwamba ni mlenda, na kwamba haukutiwa magadi.

Mke wangu alinitazama kwa muda, akafanya hesabu zake, akaniuliza, "Wa mama?"

Fundi ndiye aliyeniokoa, si kwa huruma bali kwa furaha ya kitaaluma. Kwa kuwa sasa alijua sababu, bloku haikuwa tena na kesi ya kujibu. Akaifungua injini siku ileile. Hakukuwa na ufa. Silinda hazikuwa na mikwaruzo, na beringi zilikuwa hazijaguswa kwa sababu injini ilizimika mapema. Aliilaza rula ya chuma juu ya hedi, akamulika tochi nyuma yake, akanionyesha mwanga ukipenya katikati, mahali ilipojipinda. Hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya ikawekwa, njia za maji zikasukumwa kwa presha mara nne hadi maji yakatoka meupe. Yule muuzaji wa Ilala aligoma kurudisha malipo ya awali, lakini alikubali kuyageuza kuwa rejeta ya mtumba, ikaja kwa basi.

Ankara ya fundi ilikuwa shilingi 735,000, chini ya nusu ya injini niliyokuwa nimekwisha kuinusa. Mke wangu aliisoma kwa sauti mezani, mstari kwa mstari, mama mdogo akiwepo: kuchonga hedi, gasketi, oili na filta, ufundi, na mwisho kabisa, kwa mwandiko uleule wa kawaida, "Kutoa mboga ndani ya injini: 45,000."

Mama mkwe ameutuma mlenda mwingine wiki iliyopita. Ameukabidhi kwa kondakta wa basi, hakutaka upitie kwangu, na juu ya mfuko ameandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili: WA KULA.