Sakafu inang'aa, glasi iko mbali

Siku tulipompeleka mama mkubwa kwenye makao ya wazee, kilichonishawishi ni sakafu. Iling'aa hadi unajiona. Mapazia safi, hakuna harufu ya mkojo, na mkuu wa makao alitutembeza kila kona. Nikatia saini roho ikiwa nyepesi. Mwezi wa pili ndipo nilipoiona glasi. Ilikuwa imejaa maji, imefunikwa vizuri, juu ya kimeza kilichokaa upande wa kushoto, upande ule ambao mkono wake haufanyi kazi tangu apate kiharusi. Kwenye karatasi ya zamu paliandikwa: "Amepewa maji." Kweli alipewa. Hakuyanywa tu.

Umri ukisogea, hamu ya maji hupungua. Mzee anaweza kukaukiwa kabisa na asiombe hata funda moja. Baada ya hapo huja choo kigumu, kizunguzungu, maambukizi ya njia ya mkojo, halafu anaanza kuweweseka na kuita watu waliokwisha kufa. Ndugu wakiuliza wanajibiwa, "Ni uzee huo." Hapana. Uzee hauji kwa siku mbili. Mtu aliyekuwa na akili zake Jumatatu na Jumatano hamtambui mwanawe, huyo ni mgonjwa na anahitaji kupimwa.

Nilianza pia kufunua shuka. Najua wahudumu hawapendi (na mama mkubwa mwenyewe hakupenda mwanzoni), lakini vidonda vya kulalia havionekani ukiwa umesimama mlangoni na mfuko wa matunda. Huanzia visiginoni, kwenye nyonga, chini ya mgongo. Vitabu husema utafute wekundu usiofifia ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa, kwa hiyo pitisha mkono: pakiwa na joto kuliko pembeni, au pagumu, au pamelegea kama tunda lililoiva kupita kiasi, mwite muuguzi saa hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye neno linalonikera: usalama. "Hapa kwetu mama hajaanguka hata mara moja," niliambiwa kwa fahari. Angeangukaje? Tangu asubuhi alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye meza ndogo iliyofungwa mbele yake, kama mtoto anayelishwa. Misuli isiyotumika hunyauka upesi, na kwa mzee hairudi kirahisi. Alifika pale akitembea kwa fimbo. Baada ya miezi michache hata kusimama ilikuwa kazi ya watu wawili. Vyuma vya pembeni mwa kitanda navyo ni hivyo hivyo. Mzee aliyechanganyikiwa hujaribu kuvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi, au akanasa katikati. Na dawa za kutuliza wanazopewa wenye ugonjwa wa kusahau ili wasizurure usiku huongeza hatari ya kuanguka, ya kiharusi, hata ya kifo. Ukumbi ukiwa kimya mno saa nne asubuhi, uliza nani amepewa nini, na nani aliagiza.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinasema wahudumu 2 kati ya 3 wa makao ya namna hii walikiri kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja. Siamini kwamba theluthi mbili ya wahudumu wana roho mbaya. Fanya hesabu. Kanuni iliyozoeleka ni kumgeuza asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulalia. Wakiwa wazee 20 kwa mhudumu mmoja, na kila mzee anataka dakika 10, hizo ni dakika 200, na saa 2 zina dakika 120 tu. Usiku mmoja nilikuta mhudumu mmoja kwa ukumbi mzima. Kengele tatu zinalia, yeye yuko chooni na mzee wa nne. Aliponiona alianza kuomba radhi, na mimi ndiye niliyeona aibu.

Kuhusu ile glasi, nilihamisha kimeza kikae mkono wa kulia. Kesho yake kimerudi kushoto. Nikahamisha tena, kikarudi tena. Nilidhani ni ukaidi hadi siku nilipowahi asubuhi, nikamwona msafishaji akikisukuma ng'ambo ili apige deki. Akimaliza anakiacha hapo hapo, maana hakuna aliyewahi kumwambia kinapotakiwa kukaa. Tukabandika plasta sakafuni, alama nne, moja kwa kila mguu wa kimeza.

Mkuu wa makao alikuja kuziangalia. Alisema zinaharibu sura ya sakafu.